Safari ya Kwanza Kwenda kwa Majirani wa Jua

Majirani wa Jua hawatembelewi. Aliye karibu kuliko wote yuko umbali wa miaka ya nuru 4.24, na chombo cha Voyager 1, kinachokwenda kilomita 17 kila sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali huo. Lakini mahali walipotambuliwa majirani hao panafikika kwa ndege, kwa basi na kwa gari la kukodi, na pengi kati ya mahali hapo pako kusini mwa bara letu. Ndiyo maana Agosti 2024, Cape Town ilipokuwa inapokea mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, wa kwanza kufanyika Afrika, nami nilifunga mizigo. Sikuwa mjumbe wala mtaalamu. Nilikuwa mwandishi mwenye orodha fupi mfukoni: kilima kimoja Johannesburg, kiwanja kimoja Cape Town, na mji mmoja mdogo wa nyanda za Karoo unaoitwa Sutherland. Afrika Kusini nilikuwa sijawahi kuikanyaga.

Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg huchukua kama saa tatu na nusu. Ukishuka unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja, kisha baridi inakupokea mlangoni. Mwezi wa Agosti jiji lile, lililo juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, lina anga kavu ya samawati mchana na usiku unaouma masikio. Nilifikia Yeoville, mtaa ambao Wakongo wameufanya kwao, na asubuhi yake nikapata dereva wa teksi, mtu wa Bukavu, aliyenisikia nikisalimia dukani.

"Ndugu, weye ni wa Tanzania? Karibu sana. Hapa Kiswahili iko mingi."

Nikamwomba anipeleke mtaa wa jirani, unaoitwa Observatory, penye kuba za zamani juu ya kilima. Alizijua vizuri. "Miaka yote ninapita pale," akasema, "nilizani ile ni tanki ya mayi."

Tulisimama barabarani tukazitazama kuba kutoka chini. Hapo ndipo alipofanya kazi Robert Innes, Mskoti aliyeacha shule akiwa na miaka 12, akahamia Sydney na kuwa mfanyabiashara wa mvinyo, huku usiku akitafuta nyota pacha kwa darubini. Elimu yake ya anga aliijenga mwenyewe kwa sehemu kubwa. Mwaka 1896 aliajiriwa katika kituo cha astronomia cha Cape Town, tena kwa kazi ya ukarani, na mwaka 1903 akapewa kuongoza kituo cha Johannesburg, ambacho baadaye kilijulikana kama Union Observatory.

Kazi iliyomtia katika historia ilikuwa ya kuchosha. Alichukua picha mbili za eneo lilelile la anga, moja ya mwaka 1910 na nyingine ya mwaka 1915, zote zimepigwa kwenye sahani za kioo. Akaziweka katika mashine inayomwonyesha mtazamaji picha ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza tena, kwa kupokezana haraka. Nyota iliyo mbali hubaki palepale. Nyota iliyo karibu na sisi, ikiwa imesogea katika miaka hiyo mitano, huonekana ikirukaruka kati ya maelfu yaliyotulia. Innes alikuwa akichunguza pande zote za Alfa Kantori, ambayo watu wa pwani waliosoma falaki ya Kiarabu huiita Rijili Kantori, kwa kuwa ilishajulikana kuwa ni ya karibu. Zaidi ya digrii mbili kutoka kwake akakuta kinukta hafifu kinachosogea kuelekea upande uleule na kwa mwendo uleule wa nyota ile kubwa. Akatangaza habari hiyo mwaka 1915. Miaka miwili baadaye akapendekeza iitwe Proksima, yaani ya karibu kabisa.

Proksima ni kibete chekundu. Uzito wake ni kama asilimia 12 tu ya uzito wa Jua, na mng'aro wake ni mdogo kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kuiona bila darubini, ingawa hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko yenyewe. Inaaminika kuwa inaizunguka Alfa Kantori kwa mzunguko unaochukua miaka 550,000 hivi. Mwaka 2016 iligunduliwa kuwa nayo ina sayari inayoizunguka kwa siku 11 tu. Yote hayo nilimweleza yule dereva tukiwa tumeegemea gari. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: kama ni ya karibu hivyo, mbona watu hawakuijua mpaka juzi?

Swali hilo ndilo nililopanda nalo basi kwenda Cape Town.

Kutoka Johannesburg hadi Cape Town ni kilomita 1,400 kwa barabara kuu ya N1. Wengi huruka kwa ndege. Mimi nilichagua basi la usiku kwa sababu moja: barabara hiyo inapita Karoo, nchi kame yenye watu wachache, na nilitaka kuliona anga lake kabla ya kuonyeshwa na mtaalamu. Baada ya Bloemfontein taa zilipungua, na baada ya Colesberg zikawa ni za malori tu. Usiku wa manane basi lilisimama kwenye kituo cha mafuta ili abiria wapate chai. Nilizunguka nyuma ya jengo, mahali ambapo taa za paa hazifiki, nikainua kichwa.

Nilizaliwa Tanga na nimelala mashambani mara nyingi, nikadhani nyota nazijua. Lakini hewa ya Karoo ni kavu na iko juu, na nyota zake zilikuwa nyingi hata yale makundi niliyoyazoea yalinipotea. Nyota nyekundu ya Nge, Antares, ilikuwa imeinama magharibi. Iko umbali wa miaka ya nuru 550 hivi. Tunaiona si kwa kuwa ni jirani. Tunaiona kwa kuwa ni jitu linalong'aa kuliko Jua mara maelfu. Nyingi kati ya nyota zenye sifa angani ziko hivyo. Suheli iko zaidi ya miaka ya nuru 300 kutoka hapa, nayo ni ya pili kwa mng'aro katika anga lote la usiku. Wale wa mlango wa pili kwetu, walio wengi, hawaonekani kabisa. Vibete vyekundu ni kama robo tatu ya nyota zote, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho matupu.

Jibu la swali la dereva lilikuwa hapo: anga tunaloliona linatuonyesha wenye nguvu, si walio karibu. Anayetaka kuwajua majirani lazima aache kuuliza ni nani anang'aa, aulize ni nani anasogea.

Asubuhi tulishuka kwenye mabonde ya mizabibu, tukapita handaki la Huguenot lenye urefu wa kilomita nne hivi, na Cape Town ikatupokea kwa mvua. Huko mvua ni ya majira ya baridi, kinyume na sehemu kubwa ya nchi ile. Nilianza na Mtaa wa Strand, katikati ya jiji, ambako kati ya mwaka 1751 na 1753 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliorodhesha nyota za kusini karibu 10,000 kwa kidarubini chenye lenzi isiyozidi upana wa kucha. Hakujua kwamba ndani ya orodha yake kulikuwa na vibete vyekundu viwili vilivyo jirani zetu. Kimoja, Lacaille 9352, kiko miaka ya nuru 10.7 kutoka hapa. Kingine, Lacaille 8760, kiko karibu miaka 13, na ndicho kibete chekundu king'aavu kuliko vyote angani, ingawa nacho kinashindwa kidogo tu kufikia uwezo wa macho yetu. Vilikuwa vimeandikwa daftarini zaidi ya karne moja kabla ya mtu yeyote kujua ni nini.

Kisha nikaenda mtaa mwingine unaoitwa Observatory, maana Cape Town nayo inao wake. Kituo cha kifalme cha Waingereza kiliasisiwa mwaka 1820 na jengo kuu lenye nguzo nyeupe likakamilika mwaka 1828, kati ya mito miwili, Liesbeek na Black. Leo ndiyo makao makuu ya kituo cha taifa cha astronomia cha Afrika Kusini. Uwanjani, mbele ya jengo kuu, kuna kaburi la mkurugenzi wa kwanza, Fearon Fallows, aliyefariki mwaka 1831. Nililisoma jina lake kwenye jiwe, mvua ikinyesha, kisha nikaingia ndani kutafuta habari za aliyemfuata.

Aliyemfuata ni Thomas Henderson, karani wa wakili kutoka Dundee, Uskoti. Alifika mwaka 1832 na hakuipenda Cape Town hata kidogo. Afya yake ilikuwa dhaifu, upepo ulimtesa, na kinamasi kilichozunguka kituo kilimchukiza. Mwaka uliofuata akajiuzulu na kurudi kwao. Lakini katika muda huo mfupi alikuwa amepima mahali pa Alfa Kantori angani mara nyingi na kwa uangalifu mkubwa. Mwenzake aliyekuwa kisiwa cha St Helena, Manuel Johnson, akamfahamisha kwamba nyota ile inasogea haraka kuliko kawaida. Mwendo mkubwa ni dalili ya ukaribu, naye Henderson akarudi kwenye daftari zake kutafuta alama nyingine: mabadiliko madogo ya mahali pa nyota yanayosababishwa na Dunia kuwa upande huu wa Jua mwezi wa Januari na upande wa pili mwezi wa Julai.

Msomaji anaweza kuijaribu kanuni hiyo sasa hivi. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, ukitazame kwa jicho la kulia, kisha kwa jicho la kushoto. Kidole kitaonekana kikihama mbele ya ukuta. Kikiwa karibu na uso, kinahama sana. Kikiwa mbali, kinahama kidogo. Ukijua umbali kati ya macho yako mawili na kiasi ambacho kidole kimehama, hesabu itakupa umbali wa kidole. Wanaastronomia huita uhamaji huo paralaksi. Macho yao mawili ni ncha mbili za njia ya Dunia, zilizotengana kwa kilomita milioni 300.

Henderson alipata jibu: kama sekunde moja ya pembe na kidogo juu yake. Sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kwa kuwa watu wengi kabla yake walitangaza vipimo vya namna hiyo vikaja kuwa ovyo, alisita. Wakati anasita, Mjerumani Friedrich Bessel alichapisha umbali wa nyota iitwayo 61 Cygni mwaka 1838, akawa wa kwanza. Henderson alichapisha cha kwake mwaka 1839. Kipimo cha leo cha Alfa Kantori ni robo tatu ya sekunde ya pembe, yaani miaka ya nuru 4.37. Mtu aliyepima jirani mkubwa wa Jua kutoka ardhi ya Afrika alishindwa kwa miezi michache, si kwa kukosa akili, bali kwa kuogopa kusema kabla hajawa na hakika. Sikuweza kumlaumu.

Kiwanja kile kina mengi zaidi ya Henderson. Mwishoni mwa karne ya 19 mkurugenzi David Gill alilipiga picha anga la kusini, akazituma sahani zake Groningen, Uholanzi, ambako Jacobus Kapteyn alizipima kwa miaka mingi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1897 iligunduliwa nyota inayokwenda kasi ajabu, ambayo leo inaitwa Nyota ya Kapteyn. Iko miaka ya nuru 12.8 kutoka hapa na haikuzaliwa katika mtaa huu wa Njia Nyeupe. Ni mpita njia kutoka kundi la kale linaloizunguka galaksi yetu kwa nje. Na mwaka 1917 Mholanzi Joan Voûte alipima paralaksi ya Proksima hapohapo Cape Town, katika mashindano na Innes.

Hadi hapo safari ilikuwa ya makaburi, sahani za kioo na majina ya watu waliokufa. Sutherland ilikuwa habari nyingine: huko ndiko ziliko darubini za leo za kituo cha taifa. Tulikodi gari watu watatu, wageni wa mkutano wawili nami, tukarudi kwa N1 hadi Matjiesfontein, kisha tukaingia barabara ya R354 kuelekea kaskazini. Ni kilomita 110 hivi bila mji wowote katikati. Barabara inanyooka, kondoo wako mbali, na vichaka haviinuki zaidi ya goti. Karibu na mwisho inapanda mlima kwa kona za Verlatenkloof na kukutua juu ya uwanda, mahali ambapo upepo hauna kizuizi chochote. Sutherland ni mji wa kanisa moja kubwa la mawe, nyumba za paa la bati na barabara pana zisizo na watu. Ni miongoni mwa miji yenye baridi kali kuliko yote Afrika Kusini, na theluji huanguka hapo. Mwenye nyumba ya wageni, mama wa makamo, aliponiona na koti langu la Dar es Salaam alicheka, akaniletea blanketi mbili na mfuko wa maji ya moto.

Darubini ziko nje ya mji, kwenye kilele cha zaidi ya mita 1,750. Sheria ya mwaka 2007 inalilinda anga la eneo hilo dhidi ya taa na mawimbi ya redio, na gari likikaribia kileleni usiku dereva huagizwa kupunguza taa. Mchana tulionyeshwa ile kubwa, SALT, iliyozinduliwa mwaka 2005. Kioo chake kimeundwa kwa vipande 91 vya pembe sita vilivyopangwa pamoja kufikia upana wa mita 11, na ni miongoni mwa darubini kubwa zaidi za nuru duniani. Mgeni haitazami anga kwa SALT. Anaitazama SALT yenyewe kupitia kioo cha dirisha, kisha usiku anapewa darubini ndogo za wageni.

Kabla ya usiku kuingia, kiongozi wetu, msichana mzaliwa wa mji uleule, alitukalisha chumbani akaeleza habari za majirani wa aina ya pili: vibete kahawia. Kibete kahawia huanza maisha kama nyota yoyote, kwa wingu la gesi kujikunja na kujibana. Tofauti ni kwamba gesi yake haitoshi. Kama uzito wake haufiki mara 75 au 80 hivi ya uzito wa Mshtarii, kiini chake hakipati joto la kuunguza haidrojeni kwa kudumu, na moto wa nyota hauwaki. Shiv Kumar, mwanasayansi mzaliwa wa India, alionyesha kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba vitu hivyo lazima viwepo. Jill Tarter, Mmarekani, akavipa jina mwaka 1975. Ushahidi wa kuaminika ulipatikana mwaka 1995.

Kuchelewa huko kuna sababu. Kibete kahawia hakiwaki. Kinapoa tu tangu siku ya kuzaliwa. Ni sawasawa na pasi ya mkaa iliyokwisha kumwagwa makaa: huoni moto wowote, lakini ukisogeza kiganja unajua kuwa ina joto. Anayekitafuta kwa nuru ya kawaida hupita bila kukiona. Anayekitafuta kwa miale ya infraredi, ambayo ni miale ya joto, hukiona. Na kwa kuwa hewa ya Dunia nayo ina joto lake na huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo, mahali pazuri pa kukitafuta ni nje ya hewa.

Kazi hiyo ilifanywa na setilaiti ya Marekani iitwayo WISE, iliyorushwa Desemba 2009 ikiwa na darubini ya sentimita 40. Ilizipiga picha pande zote za anga, ikarudia, na hapo mbinu ya Innes ikarudi kazini: linganisha picha ya leo na ya miezi sita baadaye, utafute kinachosogea. Mwaka 2013 Kevin Luhman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania alitangaza alichokikuta katika picha hizo. Ni vibete kahawia viwili vinavyozungukana, umbali wa miaka ya nuru 6.5. Ukiondoa Alfa Kantori na Nyota ya Barnard, iliyotambuliwa mwaka 1916, hakuna mfumo mwingine ulio karibu na Jua kuliko huo. Kwa miaka 97 hakuna aliyekuwa ameongeza jirani wa karibu kiasi hicho.

Kiongozi wetu aliisimulia sehemu iliyofuata kwa fahari, na alikuwa na haki. Jozi hiyo iko upande wa kusini wa anga, na mwaka huohuo wa 2013 kioo kilekile tulichotoka kukitazama kilielekezwa huko. SALT ilipasua nuru ya kila kibete peke yake na kusaidia kujua aina ya kila kimoja. Baadaye darubini za Chile zilionyesha kwamba kimoja kina mawingu yanayobadilika jinsi kinavyojizungusha, na mzunguko wake mmoja huchukua kama saa tano. Mawingu hayo hayana maji. Kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, yanafanywa na chembe za madini.

Mwaka 2014 Luhman alitangaza kingine, baridi zaidi. Kinaitwa WISE 0855−0714, kiko umbali wa miaka ya nuru 7.4, na ndicho kibete kahawia cha baridi kuliko vyote vinavyojulikana. Joto lake halipishani sana na kiwango cha maji kuganda. Kwa maneno mengine, usiku ule wa Sutherland na kitu kile cha mbali vilikuwa na baridi ya kufanana.

Saa mbili usiku tulitoka nje. Njia Nyeupe ilikuwa juu ya vichwa, na giza lilikuwa la kweli kiasi kwamba nilimtambua mwenzangu kwa sauti. Katika darubini ya kwanza tulitazama Alfa Kantori, iliyokuwa bado juu upande wa kusini-magharibi. Kwa macho ni nyota moja. Ndani ya darubini ikawa mbili, za manjano, zimekaa karibu sana, na kila moja inafanana na Jua letu kwa ukubwa. Huzungukana kwa miaka 80 hivi. Wenzangu walipiga kelele za furaha. Kisha kiongozi akaisogeza darubini kidogo, akatuomba subira, akasema katikati ya nyota zile ndogondogo mtafute moja iliyo hafifu, yenye wekundu kwa mbali. Nilihitaji muda na maelekezo mengi: pembetatu ile, nyota ile, shuka chini, acha. Hatimaye nikaiona. Proksima haina uzuri wowote wa kuonekana. Kama hujaambiwa, utaipita.

Upande wa pili wa anga, kaskazini, tulionyeshwa Nyota ya Barnard, kibete chekundu kingine, umbali wa miaka ya nuru sita kasoro kidogo. Hakuna nyota inayosogea haraka kuliko hiyo angani, na bado inahitaji miaka kama 180 kusogea upana wa mwezi mpevu. Mwisho kiongozi alitunyooshea kidole kusini-magharibi, chini, kwenye kipande cha giza kilicho karibu na upeo wa macho. Jozi ya Luhman iko pale, akasema. Hakutuelekezea darubini, kwa kuwa ile ya wageni haifai kitu kwa kazi hiyo. Tulikitazama kile kipande cha giza, baridi ikitupenya vidoleni, mpaka mmoja wetu akaomba turudi ndani tunywe kahawa.

Nikiwa bado Afrika Kusini, tarehe 8 Agosti, wahandisi wa Marekani waliizima ile setilaiti ya WISE, ambayo kwa miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepewa kazi ya pili ya kutafuta nyotamkia na sayari ndogo. Ilianguka na kuungua katika hewa ya Dunia mwanzoni mwa Novemba. Picha zake hazikuzimwa. Zipo katika intaneti, wazi kwa yeyote, na tangu Februari 2017 mradi uitwao Backyard Worlds umekuwa ukiwaalika watu wa kawaida kuzipitia: picha nne au zaidi za kipande kimoja cha anga zinapita moja baada ya nyingine, na mtazamaji anatia alama kinachosogea. Ni mashine ya Innes, safari hii ndani ya simu. Wanaojitolea wamegundua vibete kahawia vingi kwa njia hiyo, na baadhi ya majina yao yameandikwa pamoja na ya wataalamu katika sensa iliyochapishwa mwaka 2024. Sensa hiyo ilihesabu nyota na vibete kahawia kama 3,600 ndani ya miaka ya nuru 65 kutoka Jua, na kwa kila nyota nne ikakuta takriban kibete kahawia kimoja.

Hesabu hiyo haijafungwa. Oktoba 2024, miezi miwili baada ya safari yangu, ilitangazwa kwamba Gliese 229B, kimoja kati ya vibete kahawia vya kwanza kutambuliwa mwaka 1995, kumbe ni viwili vinavyozungukana kwa siku 12. Watu walikuwa wamekitazama kwa karibu miaka 30 wakikihesabu kuwa kimoja. Na majirani wenyewe hawakai mahali pamoja. Kibete chekundu kiitwacho Nyota ya Scholz, kinachoandamana na kibete kahawia, kilipita umbali usiozidi mwaka mmoja wa nuru kutoka Jua miaka kama 70,000 iliyopita, wakati watu wa aina yetu walikuwa tayari wanaishi Afrika. Leo kiko zaidi ya miaka ya nuru 20 kutoka hapa, kinazidi kwenda zake.

Nimerudi na hukumu moja. Majirani wa Jua hawakupatikana kwa sababu ya darubini kubwa peke yake. Walipatikana kwa sababu karani wa wakili, mfanyabiashara wa mvinyo na wengine wa namna hiyo walikubali kukitazama kipande kilekile cha anga leo, na mwakani, na baada ya miaka mitano, wakaandika walichokiona. Kazi hiyo haijawahi kuhitaji cheo, na sasa haihitaji hata nauli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na aliye rahisi. Mwezi Mei au Juni, majira ya saa tatu usiku, ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, tazama kusini. Utaona nyota nne za Salibu, na kushoto kwake nyota mbili kubwa. Ile ya mbali zaidi na Salibu, iliyo ng'aavu kuliko mwenzake, ndiyo Alfa Kantori. Aliye Muscat ataiona chini kabisa, karibu na upeo wa macho. Aliye London haioni kamwe. Ukishaijua, washa simu yako ukasaidie kuwatafuta wale wasioonekana, na kama wewe ni mwalimu, wafundishe na wanafunzi wako.